Lukla, 8 Oktoba 2008: nusu digrii chini ya mdomo wa njia

Asubuhi ya tarehe 8 Oktoba 2008, Twin Otter ya shirika la Yeti Airlines, namba 9N-AFE, iliondoka Kathmandu kwenda Lukla, mji mdogo wa milimani kaskazini-mashariki mwa Nepal ambako wengi wanaoelekea Everest huanzia safari ya miguu. Ndani walikuwamo watu 19: abiria 16 na wafanyakazi 3 wa ndege. Abiria 12 walikuwa Wajerumani, 2 Waaustralia, 2 Wanepali. Safari ni ya nusu saa na ushee. Ndege ilifika, ikajipanga kutua, na mwishoni kabisa ikajikuta ndani ya ukungu mzito. Ilikuwa imeshuka chini ya mstari wake wa kushukia na kusogea kushoto. Magurudumu yakanasa kwenye uzio wa kiwanja, ikaanguka kabla ya kufika kwenye lami, ikashika moto. Watu 18 walikufa. Rubani mkuu peke yake alivutwa nje akiwa hai na kukimbizwa Kathmandu kwa helikopta.

Ajali za Lukla husimuliwa karibu kila mara kama habari ya njia ya kurukia iliyo fupi kupita kiasi. Kwa hii, maelezo hayo hayafai. Ufupi wa njia humuumiza aliyekwisha kugusa lami akashindwa kusimama, na ndege hii haikuigusa. Lililoiponza ni kwamba pale Lukla uamuzi wa kutua hufungwa mapema mno, mbali na lami, na ukungu uliingia baada ya hapo. Halafu umbo la njia yenyewe humvuta rubani chini katika dakika ileile ambayo macho yake yana kidogo cha kushika.

Njia inayopanda kama paa

Lukla iko mita 2,845 juu ya usawa wa bahari. Kiwanja kilianza mwaka 1964, kazi ya Edmund Hillary, aliyefika kwanza kilele cha Everest pamoja na Tenzing Norgay, na Washerpa, wenyeji wa milima ile, ili kupitisha vifaa vya kujengea hospitali na shule za eneo lile. Mashine ya kushindilia udongo haikuwapo, hivyo Washerpa waliitwa wakacheza ngoma juu yake mpaka ukakaza. Lami ilikuja mwaka 2001. Mwaka uleule wa ajali, 2008, kiwanja kilipewa jina la Tenzing-Hillary.

Njia ina urefu wa mita 527 na upana wa mita 30. Mwinuko wake ni asilimia 11.7, sawa na digrii 6.7. Piga hesabu: ncha ya juu iko mita 61 juu ya ncha ya chini, kimo cha ghorofa 20. Ncha ya chini, ndiyo mdomo wa njia, inakatika ghafla kwenye bonde la mto Dudh Koshi, mamia ya mita kwenda chini. Ncha ya juu ina ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta kuna nyumba, kisha mlima. Ndege zote zinatua zikielekea juu na zote zinapaa zikielekea chini, upepo utoke utokako.

Kwenye viwanja vya mbugani huku kwetu, rubani akiona wanyama njiani hupita kwanza chini kwa chini, akawafukuza pundamilia, akatazama madimbwi yako wapi, ndipo anazunguka na kuja kutua. Lukla hakuna kitu hicho. Kupita chini kwa chini juu ya njia ile ni kuufuata ukuta.

Safari nyingi hupangwa asubuhi, na sababu si utalii. Jua likishapanda, hewa ya bondeni hupata joto na kuanza kukwea kuelekea vilele. Kwa ndege inayotua, huo ni upepo wa mgongoni. Hewa hiyohiyo inayokwea hubeba unyevu, na unyevu huo tutaukuta tena mbele.

Hesabu ya hewa nyepesi

Twin Otter mfululizo wa 300 ni pangaboi ya injini mbili za PT6A-27, ndugu wa injini ya Cessna Caravan inayotua kila siku kwenye viwanja vya murramu Afrika Mashariki. Hubeba abiria hadi 19. Miguu yake haikunjwi. Ikiwa imejaa uzito na flapu, vibao vya nyuma ya mabawa vya kusaidia kuruka polepole, zimeshushwa zote, mabawa huacha kuibeba ikishuka chini ya kilomita 107 kwa saa hivi. Marubani huita hali hiyo stoli. Kanuni ya kawaida ni kuja kutua kwa mwendo wa mara 1.3 ya huo, yaani kama kilomita 139 kwa saa.

Hizo lakini ni kilomita za kwenye saa ya mwendo, na saa ile haipimi mwendo hasa. Inapima msukumo wa hewa inayoigonga ndege. Kwa kimo cha Lukla, asubuhi yenye joto la digrii 6 au 7, hewa ni nyepesi kama ile ambayo vitabu vinaiweka kwenye mita 3,200, karibu asilimia 73 ya uzito wa hewa ya pwani. Saa ikisema 139, ndege kwa kweli inakata kilomita 163 kwa saa. Ni mita 45 kila sekunde, kilomita nzima kwa sekunde 22. Nishati ambayo breki zinatakiwa kuimaliza imeongezeka kwa zaidi ya theluthi.

Hapo mtu anayeijua Lukla kwa sifa tu atasema: basi ndiyo maana. Hapana. Mwinuko unasaidia. Peke yake hupunguza mwendo kwa mita 1.14 kwa sekunde kila sekunde, ambayo ingeisimamisha ndege kwa mita 890, kwa hiyo hautoshi. Rubani akigeuza mapanga ya injini yavute nyuma na kukanyaga breki kwa kiasi, mpaka upungufu wa mwendo ufike mita 3 kwa sekunde kila sekunde, ndege inasimama ndani ya mita 340. Zinabaki mita 187. Kosa la kawaida la mgeni, kama hakupitiliza, ni kinyume chake: kukanyaga breki kwa hofu hadi kusimama katikati ya mlima. Hapo lazima aongeze nguvu nyingi za injini kuivuta ndege ipande hadi maegesho yaliyoko juu, huku nyingine angani zikisubiri njia.

Na hata kupitiliza kwenyewe si lazima kuue. Mwaka 2010 Dornier 228 ya Sita Air ilikosa breki hapohapo Lukla ikaenda kujigonga pua kwenye ukuta wa juu. Hakuna aliyekufa. Ndege iliyokwisha kuukwea mlima huwa imechoka. Iliyo kwenye mdomo wa chini bado ina mwendo wake wote.

Mahali mlango unapojifunga

Rubani wa kiwanja cha kawaida ana haki ya kubadili mawazo hadi magurudumu yakiwa mita chache juu ya lami: anasukuma nguvu, anapandisha flapu kwa hatua, anaondoka. Lukla haki hiyo hana. Ili tu kwenda sambamba na njia bila kuisogelea, ndege inayokwenda mita 45 kwa sekunde inatakiwa kupanda mita 5.3 kwa sekunde, sawa na futi 1,040 kwa dakika. Twin Otter iliyojaa, flapu zikiwa zimekunjwa, usawa wa bahari, hupanda kama futi 1,600 kwa dakika. Ishushe flapu zote, ipeleke juu ya mita 2,800, injini zivute hewa nyembamba: haifiki hata karibu na 1,040. Na hiyo ni kwa ajili ya njia tu. Mlima ulio nyuma ya ukuta ni mkali zaidi ya njia.

Kwa hiyo kuacha kutua maana yake ni kugeuka ukiwa bado juu ya bonde. Kugeuka nako kuna bei. Kwa mwendo huo, ukiilaza ndege digrii 30, nusu duara inataka kipenyo cha mita 715 na sekunde 25. Ukiilaza digrii 45, kipenyo kinashuka hadi mita 413, ila mwendo wa stoli unapanda asilimia 19, toka kilomita 107 hadi 127 kwa saa, na saa yako inasoma 139. Rubani aliyeshtuka, anayevuta usukani huku akitazama mlima ukikua kwenye kioo, anazimaliza hizo kilomita 12 kwa mkono mmoja.

Chukua ile ya digrii 30. Sekunde 4 za kutambua, kukata shauri na kuanza kulaza bawa: mita 180. Nusu kipenyo cha kugeuka: mita 357. Upepo wa mgongoni wa kilomita 20 kwa saa, katika robo ya kwanza ya duara, unakusukuma mita 70 nyingine mbele. Umekwenda zaidi ya mita 600 kuelekea mlimani kabla pua haijaanza kurudi ulikotoka, na bado hujahesabu kuta za bonde pembeni. Ni kiwango cha chini kabisa kwa mtu asiyekosea chochote. Mlango wa busara uko kilomita 2 nje ya mdomo wa njia: ukifika hapo, ama unaona njia yote kuanzia mdomo hadi ukuta, ndege imetulia, flapu ziko mahali pake na mwendo haupandi wala haushuki, ama unageuka. Ukishaupita, njia haina mbadala. Kati ya mlango huo na lami ni sekunde 44.

Mambo yaliyoiangusha 9N-AFE yote yaliingia ndani ya sekunde hizo.

Jicho linavyomshusha rubani

Rubani hajifunzi kutua kwa namba peke yake. Anajifunza kwa picha. Baada ya mamia ya kutua kwenye njia tambarare kwa mstari wa kushukia wa digrii 3, kichwa chake kina umbo moja: lami nyembamba mbele ya macho, imelala karibu bapa, pembe zake mbili za mbali zikikaribiana. Umbo likiwa refu na limesimama, kichwa kinasema uko juu, shuka. Likiwa fupi na limebanwa, kinasema uko chini, panda.

Sasa mpeleke Lukla. Yuko sawasawa kwenye mstari wa digrii 3, lakini njia nayo imeinuka digrii 6.7 kumkabili. Anaiona kwa pembe ya digrii 9.7. Lami imesimama mbele yake kama ubao darasani. Kila alichojifunza mwilini kinamwambia yuko juu mno.

Je, akilitafuta umbo alilolizoea atafika wapi? Ili aione njia ya Lukla kwa ile pembe yake ya digrii 3, lazima ashuke mpaka awe digrii 3.7 chini ya usawa wa mdomo wa njia. Kwa umbali wa kilomita 1, hizo ni mita 65 chini ya mdomo. Picha anayoiamini iko ndani ya genge. Hii ndiyo sehemu ambayo maelezo mengi ya Lukla yanaipita haraka, wakati udanganyifu wenyewe haumpi rubani kosa dogo la kusahihishika. Unamwelekeza kabisa kwenye mwamba. Kinachomzuia ni kimoja: kuuona mdomo wa njia ukiwa umetulia mahali pamoja kwenye kioo. Mdomo ukipanda kwenye kioo, anashuka mno. Ukishuka, anapita juu. Uondoe mdomo huo machoni, uache kipande cha lami ya juu kikichungulia kwenye ukungu, na kilichobaki ni kile kinachomdanganya.

Huhitaji Himalaya kulipata jambo hili. Rubani wa Caravan anayetua kwenye njia ya murramu yenye mwinuko wa asilimia 3 tu, mwinuko ambao dereva wa lori hata habadilishi gia, naye anavutwa: akiifuata picha yake ya digrii 3, mstari wake halisi unakuwa digrii 1.3, na kwa kilomita 1 anakuwa mita 23 juu badala ya 52. Kama mwanzoni mwa njia kuna mgunga mrefu, hesabu hiyo inatosha.

Kuna deni la pili la mwinuko, nalo hulipwa pale pa kugusa. Ndege inashuka digrii 3, ardhi inapanda 6.7. Rubani asipoinua pua, hukutana na lami kwa mita 7.6 kwa sekunde kwenda chini, wakati kwenye tambarare ingekuwa 2.4. Ili tu aende sambamba na lami anatakiwa kuigeuza ndege karibu digrii 10, na kugeuza huko kunakula mwendo. Ndiyo maana wanaoijua Lukla hawaji na mwendo wa kubana. Pia ndiyo maana asiyeiona lami kwa sekunde 5 za mwisho hana la kufanya: hajui ainue pua lini.

Ukungu unaoonekana kutoka juu na usioonekana kutoka ndani

Ile hewa yenye unyevu inayokwea kutoka bondeni hupoa kadiri inavyopanda, na kwa kimo fulani inageuka wingu. Kimo hicho kikiangukia usawa wa mdomo wa njia, unapata kitambaa cha ukungu palepale kwenye ukingo wa genge, huku nusu ya juu ya njia ikiwa na jua. Mtu aliyesimama juu, karibu na maegesho, anaona lami nyeupe kwa mwanga na vilele vyote. Akiulizwa kwa redio hali ikoje, anajibu kwa anachokiona.

Rubani naye, akija kutoka juu, anaona. Chukua tabaka la ukungu lenye unene wa mita 30. Ukiwa juu yake ukitazama chini, macho yanapenya mita 30 tu. Unaona mawe, paa, hata watu. Ukishaanza kushuka kwa digrii 3, mstari wa macho yako kuelekea mdomo wa njia unapita ndani ya tabaka hilohilo kwa urefu wa mita 570. Ukungu haujaongezeka hata kidogo. Wewe ndiye uliyebadili pembe. Njia iliyokuwa wazi sekunde 10 zilizopita imefutika, na kwa mita 45 kwa sekunde, mita 570 ni sekunde 13.

Sekunde 13 bila kuona, mlango wa kugeuka ukiwa umekwisha kupitwa. Safari za Lukla zilikuwa za kutegemea macho. Hakukuwa na mtambo kiwanjani wa kumwongoza rubani hadi kwenye lami kwa vyombo. Upande wa kushoto na kulia nako hakuna msamaha: kwa kilomita 1, digrii moja ya kosa ni mita 17 pembeni, na nusu ya upana wa njia ni mita 15. Mabawa ya Twin Otter yenyewe yana mita 19.8 toka ncha hadi ncha.

Ndani ya hali hiyo rubani ana mambo mawili, yote mabaya. Anaweza kushikilia mstari, mwendo na nguvu kama vilivyokuwa, akitumaini kutokea upande wa pili akiwa palepale. Anaweza kushuka kidogo ili alipate jiwe au ukingo wa kuufuata. La pili ndilo ambalo mkono hulifanya bila kuamriwa, na ndilo ambalo ule udanganyifu wa mwinuko ulikuwa umeshalitayarisha.

Uzio, tumbo, moto

Tuseme rubani amelenga kugusa mita 50 ndani ya njia. Sehemu hiyo iko karibu mita 6 juu ya mdomo, kwa sababu ya mwinuko. Mstari wa digrii 3 unampitisha mita 8.5 juu ya mdomo. Toa kimo cha macho yake juu ya magurudumu, nafasi ya magurudumu inapungua zaidi. Ili kuukuta uzio, inatosha awe amekosea nusu digrii alipokuwa kilomita 1 nje. Nusu digrii ni upana wa mwezi angani.

Uzio wa kiwanja ni kitu chepesi. Kwa ndege inayokwenda mita 45 kwa sekunde, hata hivyo, haihitajiki nguvu kubwa kuiharibia mizani, ila inatosha kushikwa chini. Miguu isiyokunjwa ya Twin Otter inaning'inia mbele ya kila kitu. Ikinaswa, magurudumu yanavutwa nyuma huku uzito wote wa juu ukiendelea mbele, pua inaanguka, na usukani hauna tena mwendo wa kuurudisha. Mbele yake ardhi si tambarare ya kuserereka. Ni mlima unaomjia.

Halafu mafuta. Kwenye Twin Otter ya kawaida matangi hayako ndani ya mabawa. Yako tumboni, chini ya sakafu ya abiria, yenye uwezo wa kama lita 1,400 kwa jumla. Ni mpango mzuri kwa kujaza mafuta kwenye viwanja visivyo na ngazi, na kwa ajali za bawa kugonga mti. Kwa ajali ambayo miguu inang'oka na tumbo linakwaruza mwamba, ni mpango mbaya kabisa, kwa sababu kinachopasuka kwanza ndicho kinachobeba mafuta, na waliokaa juu yake ni abiria. Moto wa 8 Oktoba uliwaka muda mfupi baada ya kuanguka.

Mdomo uleule, kosa jingine

Tarehe 27 Mei 2017 Let 410 ya mizigo ya Goma Air ilikuja Lukla kutoka Kathmandu. (Jina hilo halihusiani na Goma ya Kongo, ingawa Let 410 ni ndege ambayo watu wa mashariki mwa Kongo wanaijua vizuri mno.) Nayo ilikutana na wingu. Ilipochomoza, ilikuwa chini kuliko mdomo wa njia. Kamera ya kiwanja ilionyesha mwisho wake: pua inainuliwa kwa nguvu, ndege bado ina flapu na miguu ya kutua, mwendo unaisha, bawa linapoteza hewa, inaangukia mteremkoni chini ya njia. Rubani na rubani msaidizi walikufa.

Ajali hizi mbili zinatofautiana kwa namna ya kuanguka tu. Ya 2008 haikujua kuwa iko chini mpaka ilipougusa uzio. Ya 2017 iliona, ikajaribu kununua kimo kwa mwendo ambao haikuwa nao. Zote zilikuwa zimepita mlango wa kugeuka zikiwa na imani ya kuiona njia, na zote zikaletwa chini ya mstari kabla wingu halijaachia.

Kuna chombo kimoja ndani ya chumba cha rubani ambacho hakidanganywi na mwinuko, nacho ni altimita, kinachosoma kimo kwa kupima kanieneo ya hewa. Kwa njia yoyote ya kupanda mlima, kimo cha mdomo kinajulikana. Kiandikwe kwenye karatasi ya pajani, si kimo cha kiwanja kwa jumla, kwa kuwa Lukla tofauti ya ncha mbili ni futi 200. Kwa mstari wa digrii 3 unaolenga mita 50 ndani, namba za Lukla zinatoka hivi: kilomita 2 kabla ya mdomo, futi 370 juu yake, kilomita 1, futi 200, mdomoni penyewe, futi 28. Namba ya kilomita 2 isomwe kwa sauti na rubani msaidizi wakati rubani mkuu anatazama nje. Ikiwa macho yanasema uko juu na namba inasema uko sawa, namba ndiyo inayofuatwa. Ikiwa namba inasema uko chini, usijaribu kurekebisha hapo, geuka.

Kipimo hicho kina mpaka wake. Kosa la hektopaskali moja tu, kipimo cha kanieneo ya hewa, katika kupanga altimita huleta tofauti ya futi 27 hivi, karibu sawa na zile futi 28 za mdomoni. Kwa kilomita 2 kosa hilo halibadilishi uamuzi. Mdomoni linameza nafasi yote iliyopo kati ya magurudumu na uzio.